Mteja Anayesema Inauma

Mwenye saluni aliyenifundisha kazi, pale Magomeni mwanzoni mwa miaka ya 1990, alikuwa na methali moja aliyoitumia kama sindano ya ganzi: ukitaka uzuri sharti udhurike. Mteja akikunja uso, methali. Akisema kichwa kinawaka, methali. Machozi yakimtoka kabisa ataambiwa, "Vumilia anti, unakaribia," kisha methali tena. Na mteja hunyamaza, maana nani atabishana na wahenga huku dawa imemjaa kichwani?

Nimeifanya kazi hii mpaka mimi mwenyewe nimeota mvi. Nimesukia mkekani chini ya mwarobaini, nimesukia kwenye saluni zenye kiyoyozi na soda ya bure, na sasa nafundisha mabinti. Jambo ambalo ningependa kila anayekaa kwenye kile kiti alijue ni kwamba yeye peke yake ndiye anayehisi kinachotokea kichwani mwake. Mimi niliyesimama nyuma yake naona nywele tu. Akiyameza maumivu ili asionekane anadeka, amenifumba macho.

Dawa ya kunyoosha nywele ndiyo iliyonionyesha hayo. Soma ubavuni mwa kopo. Aina ya kwanza ina sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki, ileile wanayonunua akina mama wanaotengeneza sabuni za miche nyumbani, nao hawaishiki bila glavu. Aina ya pili ina kalsiamu haidroksaidi, na huja na chupa ndogo ya pembeni ya kuchanganyia. Hii ndiyo inayotangazwa kwamba haina kostiki, na ndiyo inayowekwa kwenye maboksi yenye picha za watoto wanaocheka. Wazazi huinunua kwa moyo mweupe. Lakini kwenye kile kipimo cha pH, ngozi ya kichwa iko karibu na 5, na dawa zote hizi mbili ziko kwenye 12 au zaidi, na kila namba moja ya kipimo hicho ni mara kumi ya ile iliyo chini yake. Ile ya watoto huchelewa kidogo kuunguza ngozi, basi. Haijawa maziwa.

Unywele wa kipilipili una viungo vya salfa ndani yake vinavyousaidia kushika mkunjo. Dawa huvivunja, na mkunjo haurudi tena mpaka unywele mpya uote. Kwa hiyo sehemu iliyokwisha kunyooka haina haja ya dawa ya pili. Ukiipaka tena unavunja kidogo kilichobaki, na wiki chache baadaye nywele zinabaki kwenye kitana. Dawa ya kurudishia ni ya mizizi peke yake, zile sentimita mbili tatu zilizoota, na ili zifike hapo zinahitaji wiki nane hadi kumi na mbili. Msusi akikuambia mwezi haujaisha na nywele "zimeamka", anatafuta kodi ya chumba.

Mteja mmoja wa enzi zile, mwalimu wa shule ya msingi, simsahau. Alikuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amefumua rasta nyumbani na kujichana kwa chanuo la meno ya karibu, kwa hiyo kichwa kilikuwa na mikwaruzo ambayo hata hakuijua. Akapakwa. Baada ya dakika chache akasema kunawaka nyuma ya sikio. Methali. Akasema tena. Sasa sinki lilikuwa moja na lina watu wawili, mmoja anaoshwa, mwingine anangoja na shampuu kichwani, na maji yenyewe ya mgao yanatoka kama uzi. Aliposafishwa hatimaye, ngozi ya nyuma ya sikio ilikuwa inatoa majimaji. Kesho yake nywele ziligandana na kidonda. Pale ambapo kidonda kilikuwa kirefu hazikuota tena.

Ninachotaka ukione hapo ni sinki. Watu wengi wakiungua hulaumu kopo, wanahamia kopo la bei ghali zaidi, na wanaungua tena. Vichwa vingi nilivyoviona vimeungua viliungulia kwenye foleni. Kabla mtu hajakugusa na dawa, uliza kama maji yapo, na kama hayapo kwenye bomba, ndoo zimejaa ngapi. Uliza nani yuko mbele yako kwenye sinki. Ni maswali ya kawaida kabisa, wala hayamtukani mtu. Usioshe nywele wala kujikuna kichwa siku kadhaa kabla, na ukifumua rasta mpe ngozi wiki nzima ipumzike. Pembe za uso, masikio na shingo vipakwe mafuta mazito. Kukianza kuwaka, unasema mara moja na unaoshwa mara moja, kwa maji mengi ya baridi, hata kama nywele zimenyooka nusu. Dawa itapakwa siku nyingine. Ngozi hainunuliwi Kariakoo.

Baada ya maji inafuata shampuu maalumu ya kuondoa dawa. Nyingi huwekewa rangi ya kukupa taarifa: povu likiwa la waridi, dawa bado ipo, na unaendelea kuoshwa mpaka povu liwe jeupe. Inua jicho uangalie kwenye kioo. Nimeona wasusi wakiosha mara moja na kukimbilia rola.

Wanaosoma habari za afya huniuliza kuhusu saratani. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa miaka kadhaa. Kati ya wale ambao hawakutumia dawa za kunyoosha nywele, walikadiria kuwa asilimia 1.64 wangepata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliotumia zaidi ya mara nne kwa mwaka makadirio yalikuwa asilimia 4.05. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha vitu viwili vinavyotembea pamoja, haujathibitisha kwamba kimoja kimekizaa kingine, na hata ile namba kubwa bado ni watu wachache kati ya mia. Mimi sikufunga saluni. Nilichofanya ni kuacha kumpaka mtu kila mwezi hata akinibembeleza, na vichwa vya watoto sivipaki kabisa.

Kuna hii nyingine iliyokuja na majina ya Brazil na keratini, inayopakwa halafu nywele zikapigwa pasi ya moto mkali. Nyingi kati ya hizo hutoa gesi ya fomaldehaidi zikipata joto. Fomaldehaidi ikichanganywa na maji ndiyo fomalini, wanayohifadhia maiti hospitalini, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kwenye kundi la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Huna haja ya maabara. Pasi ikipita na macho yakaanza kutiririka, chumba kizima kikakohoa, toka nje. Mhurumie na msusi pia, kwani wewe unaivuta mara mbili kwa mwaka, yeye kila siku.

Wanaokimbia dawa hukimbilia kusuka, wakidhani huko ni salama moja kwa moja. Hapo ndipo mimi na mabinti ninaowafundisha tunapogombana kuliko mahali pengine popote, kwa sababu wateja wenyewe wanawasifia kwa mkono mgumu. Rasta isiyobana inaitwa ya kivivu. Mteja anataka ikae miezi mitatu, basi anavutwa mpaka nyusi zinapanda, anarudi nyumbani anameza Panadol, analala kifudifudi siku mbili, na kwenye paji la uso zinaota punje nyeupe kama mtama. Punje zile si joto. Ni vishimo vya nywele vimevimba kwa kuvutwa. Ukiziona, zile za mbele zifumuliwe siku hiyohiyo, hata kama umelipa jana.

Nywele za mbele zikianza kurudi nyuma, mwanzoni zinaweza kuota tena ukiziacha zipumzike. Ukiendelea kuvuta, kishimo kinaziba kwa kovu, na hapo hakuna mafuta ya nazi, kitunguu maji wala mwarobaini utakaokifungua. Dalili ni rahisi kuijua. Utaona ukingoni kabisa pamebaki ukanda wa vinyweleo vyembamba, vile vilivyokuwa vifupi mno kushikwa na vidole vya msusi, na nyuma yake uwazi. Vile vifupi vilipona kwa sababu havikuvutwa. Madaktari wa ngozi wa Afrika Kusini walipochunguza watu wazima mjini Cape Town, karibu theluthi moja ya wanawake walikuwa na upara wa aina hii, na waliokuwa wakipaka dawa kisha wakasukia juu yake ndio waliokuwa hatarini zaidi. Unywele uliokwisha kupoteza nguvu zake unabebeshwa mzigo wa pakiti nne za rasta, utashika nini?

Kwa hiyo ukikaa kusukwa, jaribu kuinua nyusi na kucheka wakati njia ya kwanza tu imemalizika. Ikikuvuta, sema hapohapo, kabla hazijafika hamsini na msusi hajanuna. Omba za mbele zianze mbali kidogo na ukingo na ziwe na nywele chache za kuongezea. Na zisikae zaidi ya wiki sita, nane zikizidi. Siku ya kufumua usishtuke ukiona bonge la nywele mkononi, maana kichwa cha kawaida hupukutisha nywele hadi mia moja kwa siku, na za wiki sita zote zilikuwa zimekwama humo ndani zinakungoja. Zikiwa zimetoka na vijipira vyeupe mwishoni ni za kupukutika. Zikiwa vipande vifupi, zimekatika, na hilo ni jambo jingine.

Watoto wananiuma zaidi. Mtoto wa miaka minne anakalishwa katikati ya mapaja, analia, na mama anasema, "Nyamaza, utapendeza." Yule mtoto anatoa taarifa sahihi kuliko mtu yeyote ndani ya chumba kile. Tunamfundisha kuificha, na akifika miaka ishirini amehitimu, anakaa kwangu akibanwa kimya.

Hata hivyo kuna mambo ambayo hayatakuuma kabisa ukiwa kwenye kiti, na hayo yananitia hofu zaidi. Piko ni mojawapo. Nimeolewa Unguja na nimeishi huko miaka kadhaa, nikapaka mikono ya maharusi wengi. Hina ya majani hutoa rangi ya chungwa siku ya kwanza, kisha hukolea kuelekea wekundu wa udongo kwa siku moja au mbili. Haitoi weusi wa lami ndani ya saa moja. Weusi ule ni wa piko, na piko ni dawa ya kupaka mvi iliyopelekwa kwenye ngozi. Ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Nchi za Umoja wa Ulaya zinairuhusu kwenye rangi za nywele kwa kiwango kidogo kilichowekewa mpaka, na kuipaka kwenye ngozi kwa michoro ya namna hii haziruhusu. Huku kwetu inachorwa miguuni mwa bibi harusi, na ufukweni inachorwa mikononi mwa watoto wa watalii.

Siku ya kuchorwa hutasikia kitu. Baada ya siku mbili tatu ua lote linainuka malengelenge, kila jani na kikonyo chake. Malengelenge yatapona, pengine yataacha alama. Mwili lakini umeshaijua PPD na hausahau: miaka kumi baadaye mtu yuleyule anapaka mvi zake rangi nyeusi ya dukani, uso unavimba macho yanafumba, na hakumbuki kabisa kwamba mambo yalianzia kwenye piko ya harusi ya dada yake. Kwa hiyo kabla ya rangi yoyote nyeusi, ya nywele au nyusi, paka tone ndani ya kiwiko na usubiri siku mbili. Na kama uliwahi kuota malengelenge ya piko, jibu lako unalo tayari.

Wenye kisukari nao nawasisitizia. Vijana wanaopita mitaani na vibeseni vyao kusafisha miguu na kupaka rangi kucha wanafanya kazi nzuri, mimi mwenyewe huwaita. Ila kisukari cha muda mrefu huua hisia za nyayo. Mgonjwa anaweza kutumbukiza mguu kwenye maji ya kuunguza akawa anaendelea kupiga soga, au akakwanguliwa gaga kwa wembe mpaka damu bila kujua, na kidonda cha mguu wa kisukari mnajua kinakoishia. Maji yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwingine, wembe usiguse, na msusi aambiwe mapema hata kama unaona aibu.

Kucha za kubandika nitazipitia haraka. Kinachoharibu zaidi ni kubandua: ziloweshwe asetoni mpaka ziachie zenyewe, asije mtu na kijisu akazing'oa pamoja na tabaka la kucha yako. Vidole au kope za macho zikianza kuwasha kila ukitoka kubandika jeli, mwili umeikataa gundi. Usibadilishe rangi, acha. (Wateja wangu wanaoswali wana ratiba yao: wanabandika siku zikianza, wanabandua zikiisha, kwa ajili ya udhu. Bila kukusudia wanazipumzisha kucha zao kuliko wengine wote.)

Wembe wa kutindia nyusi uwe mpya na ufunguliwe mbele yako. Kirusi cha homa ya ini B huweza kukaa hai nje ya mwili siku saba, kwenye tone la damu usiloliona. Chanuo linaloenda kichwa hadi kichwa hubeba mapunye. Na kwa akina kaka: kinyozi akimaliza kukunyoa akataka kukuvunja shingo kwa kuizungusha ghafla, mwambie ahsante. Mishipa miwili ya damu inayokwenda nyuma ya ubongo imepita ndani ya mifupa ya hapo. Mwaka 1993 daktari mmoja wa Marekani aliandika kwenye jarida la JAMA juu ya wanawake watano waliopata dalili za kiharusi baada ya shingo zao kulazwa nyuma kwenye sinki la saluni. Ni nadra sana, lakini mama mtu mzima awekewe taulo nene chini ya shingo, na akihisi kizunguzungu ainuliwe.

Mkorogo sitauandikia mengi, kwa kuwa anayeutumia kwa kawaida anajua. Anayenihusu ni yule asiyejua, aliyekuja kufanyiwa usafi wa uso akapakwa krimu kutoka kwenye kopo lisilo na karatasi. Siku ya tatu anang'aa, wiki ya pili anarudi kuitaka. Krimu inayong'arisha upesi hivyo huwa na steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki, na pengine zote tatu. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba, haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huacha madoa ya bluu nyeusi mashavuni, na zebaki huenda kwenye figo kimyakimya bila hata kipele. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya shirika la viwango, TBS, na orodha ya vilivyopigwa marufuku ipo. Lakini kopo lisilo na jina haliwezi kutafutwa kwenye orodha yoyote. Krimu ambayo msusi hawezi kukuonyesha boksi lake isiguse uso wako.

Haya yote hukutana kwa pamoja wiki ya harusi. Juzijuzi alikuja bibi harusi mtarajiwa siku ya Alhamisi, ndoa Jumamosi, ameongozana na shangazi yake na karatasi: dawa, rangi ya nywele, rasta za kubana juu, usafi wa uso, kope, kucha, piko, singo. Nikachukua kalamu. Dawa nikaikata, ilitakiwa wiki tatu nyuma. Rangi nikaikata pamoja nayo. Usafi wa uso na kope nikavikata, kwa sababu gundi na krimu havijaribiwi siku mbili kabla ya picha. Za kubana juu nikaandika "zilegezwe". Singo ya waridi na liwa nikaiacha, aisugue mpaka aoge nayo.

Shangazi akaniangalia. "Fundi, wewe mbona unafukuza hela?"

"Shangazi, hela zako nitakula siku nyingine. Huyu akivimba macho Jumamosi, utamwambia nini mume?"

Akacheka, lakini karatasi hakuiachia. "Na piko?"

"Hina ya majani."

"Itakolea?"

"Mkiianza leo baada ya magharibi, akalala nayo, Jumamosi itakuwa nyekundu iliyoiva."

Bibi harusi, ambaye muda wote alikuwa kimya, akauliza kama anaweza kujaribu kwanza kidogo kwenye kiwiko.